Dirisha Jekundu Chini ya Tangi

Shangazi yangu hajawahi kushika usukani wa chombo chochote, na akiona hata maji ya beseni yakitikisika hugeuza uso. Lakini kwa miaka mingi hakuna feri iliyovuka salama kutoka kisiwa kikubwa kuja hiki chetu kidogo bila msaada wake. Jambo hilo alilijua vizuri, na alimjulisha kila mtu ambaye hakuuliza.

Ili mnielewe, lazima kwanza niwaeleze maji yenyewe. Vitabu vya shule huyaita mlangobahari. Sisi tunasema tu "kati", kana kwamba hakuna kati nyingine duniani. Ukisimama kwenye gati letu unakiona kisiwa kikubwa kwa macho matupu, mpaka nguo walizoanika, na mgeni hudhani angeweza kuogelea akafika. Asijaribu. Mkondo mmoja huingia kutoka kaskazini na mwingine kutoka kusini, ikakutana katikati na kugombana, na maji yakianza kupwa yote miwili hugeuka kurudi ilikotoka, kila mmoja ukidai umeshinda.

Zamani hapakuwa na kati. Palikuwa na ukingo mrefu wa mchanga, na maji yakipwa watu walivuka kwa miguu pamoja na mbuzi wao. Kisha ikaja dhoruba moja, ikaukata ule mchanga. Watu wa kisiwa kikubwa wanasema sisi ndio tuliojitenga, kwa ukaidi wetu. Sisi tunasema wao ndio walioachwa nyuma, na ukiwaona wanavyotembea huwezi kushangaa. Kesi hiyo haijaisha. Baadaye akaja mkubwa mmoja wa serikali ya zamani, mtu asiyependa kutapika, akaamuru pengo lizibwe kwa mawe ili avuke akiwa amekaa kwenye gari. Mawe yakamwagwa, yakamwagwa. Mkondo ukayasukuma upande mmoja, ukayapanga mstari chini ya maji, tena vizuri kuliko walivyoyapanga mafundi. Mkubwa akahamishwa, mawe yakabaki. Hayo ndiyo tunayoyaita meno. Upande wa pili, mchanga wa ule ukingo wa kale haukwenda mbali. Umelala palepale ukijigeuzageuza, nao tunauita kitanda. Feri ilibidi ipite kati ya meno na kitanda, na juu ya maji huoni lolote kati ya hivyo viwili.

Manahodha walijuaje njia? Waliangalia nchi kavu. Kisiwani kwetu kuna kilima, na juu ya kilima kuna tangi la maji. Chini yake, ukingoni kabisa mwa bahari, kuna safu ya nyumba tano zilizoipa bahari mgongo na kuelekeza milango yake mtaani. Kuta za nyuma zote zimepakwa chokaa nyeupe. Nyumba moja tu, ya pili kutoka kushoto ukiwa baharini, ilikuwa na dirisha jekundu kwa nyuma. Basi nahodha akitoka kisiwa kikubwa alielekeza chombo mpaka dirisha likae sawasawa chini ya tangi, kisha akalishikilia hapo hapo kwa macho. Dirisha likihamia kushoto mwa tangi, unakwenda kwenye meno. Likihamia kulia, unakwenda kulala kitandani pamoja na abiria wote.

Dirisha lenyewe ni la Shangazi, mshonaji wa nguo. Wekundu wake haukutokana na mpango wa mtu yeyote. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa kupaka rangi mashua, na siku moja alirudi nyumbani na mabaki ya rangi ambayo sitaki kuuliza aliyapataje. Shangazi hakuipenda rangi ile hata siku moja. Mume alipofariki, na machozi yalipopungua, alinunua rangi ya buluu, akapanda kwenye kigoda na kuanza kazi. Hakumaliza hata ubao mmoja. Msimamizi wa bandari alifika mbio, viatu mkononi.

"Mama, weka hiyo brashi chini," alisema akihema. "Chini kabisa."

Akamweleza habari za tangi, meno na kitanda. Shangazi aliitazama bahari, brashi ikimdondokea miguuni.

"Kwa hiyo feri inaniangalia mimi?"

"Inaangalia dirisha, mama."

"Na dirishani anakaa nani?"

Kuanzia siku hiyo akavimba kichwa, na hakikupungua tena. Kila mwaka bandari ilimletea kopo la rangi nyekundu, naye alilipokea mlango wa mbele, polepole, mpaka majirani wote wawe wametoka kuona. Mteja akilalamika kwamba gauni limechelewa, aliambiwa kuna watu wana majukumu ya baharini. Na jirani mmoja tuliyemwita Mama Kuku, mjane anayefuga kuku katika nyumba ya pili kutoka upande ule mwingine, alipoanika shuka jekundu kwenye dirisha lake la nyuma, Shangazi alifika kwa mwenyekiti wa mtaa kabla shuka halijaacha kudondosha maji.

"Mnataka watu wazima na watoto wafe kwa ajili ya shuka?" aliuliza.

Mwenyekiti akaamua shuka la Mama Kuku likaukie ndani, ambamo lilinuka mpaka kuku wenyewe wakahama chumba. Mama Kuku alimtazama tu Shangazi kwa utulivu, na mimi niliyeuona ule utulivu nilijua deni limeandikwa rohoni.

Cha kuchekesha ni kwamba huyu mlinzi wa bahari alivuka bahari mara moja tu. Kwao ni kisiwa kikubwa. Alikuja kwetu akiwa bibi harusi, na alitapika tangu gati lile mpaka gati hili, juu ya gauni lake, juu ya viatu vya mumewe, na kidogo juu ya baba yangu aliyekuja kumpokea. Aliposhuka aliapa kwamba yeye na chombo basi. Kiapo hicho hakukivunja hata mama yake alipougua. Alilia hapa hapa, dirishani, akikitazama kisiwa ambacho angeweza karibu kukigusa. Namtania sana Shangazi, lakini kwa hilo sijawahi kumtania.

Ndiyo maana nahodha wa feri hakuwahi kumwona kwa karibu. Huyu nahodha alikuwa mtu mpole, mkewe alishafariki, watoto wake wameoa na kuolewa, na anaishi kisiwa kikubwa. Kila safari ya kuja kwetu alilenga dirisha, na dirishani aliona kichwa chenye kitambaa kimeinamia cherehani. Feri ikikaribia, kichwa kiliinuka. Kichwa kikiinuka, feri ilipiga honi, fupi, mara moja.

"Anaisalimia bandari," Shangazi aliniambia nilipomuuliza.

"Bandari iko upande mwingine, Shangazi."

"Basi anasalimia samaki. Nipe uzi."

Alisema anakaa pale kwa sababu ya mwanga. Mimi nimetunga uzi kwenye sindano chumba cha nyuma na chumba cha mbele, na nawaambia mwanga mzuri uko chumba cha mbele.

Kisha mambo yakabadilika. Yaliletwa maboya yenye taa, yakapangwa upande wa kaskazini wa kati, kwenye njia mpya yenye kina ambayo manahodha wa zamani hawakuthubutu kuipita bila alama. Msimamizi wa bandari alikuja mwenyewe kumweleza Shangazi, akitabasamu kama mtu aliyeleta zawadi.

"Kuanzia Jumatatu feri haipiti huku tena, mama. Uko huru. Paka rangi yoyote unayopenda."

Shangazi alimshukuru kwa adabu na kumrudishia suruali ya mtu mwingine badala ya yake. Siku ile hakula. Niliona anapindua shati lile lile, analipindua tena, wala halishoni. Kilichomuuma si kopo la rangi. Angekaa dirishani mpaka azeeke, na asingekuwepo mtu wa kumwinulia kichwa.

Na nahodha kule upande wa pili, kumbe, naye alikuwa hapati usingizi.

Mimi nauza tiketi gatini. Ijumaa ya wiki ile, mbele ya foleni ndefu, nahodha alikuja kwenye kidirisha changu akiwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mkononi alikuwa na mfuko.

"Binti, shangazi yako anapunguza suruali?"

"Ndiyo kazi yake."

"Leo yupo?"

"Yupo. Ngoja niwamalize hawa nikupeleke."

Alinitazama kama nimemtukana. "Mimi nipelekwe? Dirisha lile nalilenga kila siku kutoka upande wa pili wa bahari, leo nishindwe kulifikia kwa miguu? Nyumba ya pili kutoka kushoto."

Akaenda, kifua mbele. Yaliyofuata tuliyapata kwa Mama Kuku mwenyewe, ambaye aliyasimulia kwa kila mtu aliyepita, na waliokuwa hawapiti aliwafuata.

Nahodha aliingia mtaani, akasimama mbele ya safu ya nyumba. Kwa mbele zote zinafanana, na hata dirisha moja la nyuma halionekani. Akahesabu moja, mbili, kutoka kushoto kwake, akabisha. Mama Kuku akafungua akiwa na kuku kwapani. Nahodha, kwa aibu, hakuinua macho kupita ndara zake.

"Mama, samahani. Mimi ni yule wa feri."

"Nakuona kila siku," alisema Mama Kuku, na hapo hakudanganya.

"Na mimi nakuona. Kusema kweli nimekuangalia wewe kuliko nilivyoiangalia bahari, na kazi yangu ni bahari." Aliuhamishia mfuko mkono wa pili. "Jumatatu nabadilishiwa njia. Nikaona nisiondoke mbele ya macho yako bila kusema neno. Mimi niko peke yangu. Na wewe nimesikia uko peke yako."

Mama Kuku anasema alielewa tangu alipouona ule mfuko wa suruali. Mtu mwema angemshika mkono akampeleka nyumba inayohusika. Mama Kuku akalikumbuka shuka lake. Akamshusha kuku, akamkaribisha kiti, akamtilia chai.

"Endelea, baba," alisema.

Nahodha akaendelea. Aliona kuku, hakuona cherehani, akajiambia cherehani iko chumba cha nyuma. Alitoa yote aliyoyakusanya miaka na miaka akiwa ameshika usukani. Alipomaliza, Mama Kuku akaweka mkono shavuni.

"Naomba muda nifikirie," alisema. "Suruali iache."

Habari zilifika kwa Shangazi kabla chai ile haijapoa. Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa.

"Amekwenda kwa nani?"

Nikamwambia.

"Wanafaana," alisema. "Mmoja ana kuku, mwingine ana honi." Alitabasamu, kisha akaanza kufumua mshono ambao haukuwa na kosa lolote.

"Shangazi, mimi nadhani amekosea nyumba."

"Mtu anayelenga dirisha kila siku hakosei nyumba. Nenda kazini."

Jumapili, siku ya mwisho ya njia ya zamani, alifunga dirisha. Mbao zake ni nyekundu nje na ndani, kwa hiyo alama ilikuwepo, na feri ilipita salama. "Nina hasira, sina wazimu," aliniambia. Lakini kichwa hakikuwepo. Honi haikulia, na sisi wa gatini tulioizoea tulitazamana kama watu waliopoteza kitu wasichokikumbuka jina.

Nahodha alishuka, akaja moja kwa moja kwangu.

"Binti, shangazi yako anaumwa?"

"Si ulikuwa kwake Ijumaa?"

"Nilikwenda. Akasema anafikiria."

"Alikuwa ameshika nini alipokufungulia?"

Akawaza. "Kuku."

Nikaweka tiketi chini.

"Shangazi yangu hafugi kuku, Nahodha. Manyoya yanamkohoza."

"Nyumba ya pili kutoka kushoto," alisema, sauti imeanza kushuka.

"Kushoto kwa nani?"

Aliinua mkono wa kushoto akiwa ameelekea kilimani, kama anavyokuwa kwenye usukani. Kisha akageuka kuelekea baharini, kama mtu aliyesimama mtaani mbele ya zile nyumba, mkono bado uko juu. Akautazama. Akageuka tena kilimani, akautazama tena. Abiria nao wakaanza kuutazama. Mwishowe akaushusha, akakaa juu ya gunia la vitunguu la mtu.

"Na suruali yangu nimeacha kule," alisema.

Nilicheka mpaka nikashikilia ukuta, sikatai. Lakini nilipomwona uso niliacha. Feri ilikuwa inapakia mizigo kwa safari ya mwisho ya kurudi, na baada ya hapo lile dirisha lisingekuwa njiani kwake tena. Alikuwa anaelewa hilo palepale, mbele yangu, juu ya vitunguu. Ghafla akainuka, akamwambia msaidizi wake asiharakishe kupakia, akateremka kwenye mashua ndogo ya feri na kuanza kupiga kasia.

Mimi nilifunga kidirisha na kukimbia kwa nchi kavu. Maji yalikuwa yamejaa, na yakijaa hugonga msingi wa zile nyumba. Nilimkuta Shangazi chumba cha nyuma, amekaa kwenye cherehani mbele ya dirisha lililofungwa, hashoni. Kabla sijasema lolote, kitu kiligonga mbao kutoka nje, upande wa bahari, ambako hapiti mtu.

"Nani?" aliuliza Shangazi.

"Mimi."

"Kwa Mama Kuku si huku. Hesabu vizuri."

"Nimekuja kwa njia ninayoijua. Kwa nchi kavu nilipotea."

"Nahodha gani anapotea?"

"Aliyeshuka," sauti ilisema. "Kushoto kwangu ni kushoto kwa baharini. Sikukumbuka kugeuza."

Shangazi alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ndivyo ilivyo. Midomo ilimcheza, akaibana.

"Mlango uko mbele," alisema. "Zunguka, ubishe kama watu."

"Nikizunguka nitaishia kwenye kuku tena. Na feri inaningoja, mama, na kesho sipiti hapa."

Hilo la kesho lilimwingia. Alifungua ubao mmoja tu, akatoa uso. Nahodha alikuwa amesimama kwenye mashua, ameshika kizingiti kwa mkono mmoja, na kwa mara ya kwanza walikuwa karibu kiasi cha kupeana chumvi.

"Kumbe una mvi," alisema Shangazi.

"Kumbe una miwani."

"Haya, yaseme uliyokwenda kuyasema kwa kuku."

Nahodha alikishika kizingiti kwa nguvu zaidi. "Nilishayasema yote kule. Hakikubaki kitu."

"Basi nenda ukayachukue."

Nilitaka kumfinya Shangazi. Nahodha aliangalia maji, akaangalia feri, akamwangalia tena. "Njoo uone," alisema.

"Nione nini?"

"Ninachokiona mimi."

Mkondo uliinua mashua ukaishusha, na nikaona rangi inamtoka Shangazi usoni kwa kuitazama tu. Huyu ni mwanamke ambaye hakuvuka hata kwa mama yake. Alivua miwani, akanipa. Akafungua ubao wa pili. Kisha akainua gauni, akapitisha mguu dirishani, na mimi nikamshika kiunoni nisijue kama namzuia au namsukuma. Alitua ndani ya mashua kwa kishindo, akang'ang'ania pande zote mbili, amefumba macho.

Nahodha hakwenda mbali. Alipiga kasia mpaka akafika mahali anapopajua, akaigeuza mashua. Yaliyosemwa huko nimeyapata kwa Shangazi mwenyewe.

"Fungua macho."

Akafungua. Aliona kilima, tangi, safu ya kuta nyeupe. Akatafuta dirisha lake, asilione. Kisha akaliona, alama nyekundu kama ukucha, na ndani yake mimi, nimeshika miwani.

"Ndilo lile?"

"Ndilo."

"Mbona dogo hivyo?" Miaka yote ile, kopo kwa kopo, alidhani ni kubwa kuliko nyumba.

"Ni dogo," alisema nahodha. "Ukilitazama, huwezi kutazama kitu kingine."

Shangazi aliinama pembeni ya mashua na kutapika. Mimi kutoka dirishani nilimwona nahodha akimshika paji la uso kwa mkono mmoja na kasia kwa mkono wa pili, bila haraka, na abiria waliochoka kungoja juu ya feri wakipiga makofi.

Jumatatu feri ilipita kaskazini, kati ya maboya, na dirisha halikuwa na kazi. Siku hiyo hiyo Mama Kuku alibisha mlango wa mbele, mfuko mkononi, amevaa vizuri.

"Nimefikiria," alimwambia Shangazi. "Mwambie jibu langu ni hapana."

"Nitamfikishia," alisema Shangazi, akaupokea mfuko, akamkaribisha chai. Walicheka mpaka kuku wa nyumba ile wakasikia.

Ile suruali Shangazi aliishona kwa mkono wake. Mguu wa kushoto aliupunguza kidogo zaidi ya ule wa kulia, kusudi, akisema ni ili mwenyewe asisahau upande. Nahodha alikuja ameivaa siku yake ya mapumziko, kwa miguu, akapita mbele ya nyumba zote tano akiutazama mguu wake, akabisha panapostahili. Dirisha bado ni jekundu. Rangi sasa anainunua nahodha.